Hatua Nne Sitahani

Ndege mbili zikigusana juu ya sitaha ya manowari ya kubebea ndege, usitegemee kusikia. Injini hunguruma kiasi kwamba ukimpigia mwenzako kelele sikioni, yeye anaona midomo tu; filimbi kali ndiyo hupenya. Verlene Pickett hakusikia kitu. Alichokiona ni bawa la kushoto la ndege aliyokuwa akiiongoza kwa ishara za mikono likitikisika kidogo, mara moja tu, na Kessler, mlinzi wa kuchunga bawa lisiguse kitu, akichomoka nyuma ya gurudumu la ndege iliyoegeshwa, filimbi mdomoni, mikono kaipishanisha juu ya kichwa. Verlene naye akapishanisha ya kwake. Rubani akakanyaga breki, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Watu wa sitaha huliita jambo hilo busu. Hilo la siku ile lilikuwa mchubuko wa urefu wa mkono kwenye mkia wa ndege iliyoegeshwa. Ingekuwa gari, ungepaka rangi ukaenda zako. Kwa ndege ya kivita, mchubuko ule ulikuwa na bei kubwa kuliko nyumba ya akina Pickett kule Norfolk, ukijumlisha kiwanja na paa lake linalovuja.

Kabla ya chakula cha mchana alikwisha kuitwa. Kamanda Ostrander, mkuu wa sitaha, hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Vua fulana, Pickett," alisema. "Mpaka tujue."

Sitahani mtu ni rangi yake. Zambarau watajaza mafuta, nyekundu watapakia mabomu, bluu watakokota minyororo na kabari za magurudumu, na kulinda mabawa. Njano ndiyo inayoiambia ndege iende wapi, na ndege inatii, hata kama ndani yake amekaa afisa mwenye nyota nyingi kuliko mbingu. Verlene aliivaa njano miaka kumi na mmoja kati ya kumi na sita aliyokaa jeshini. Wiki tatu kabla ya busu, jina lake lilitoka kwenye orodha ya watakaopandishwa kuwa chifu, yaani mkuu wa mabaharia, cheo ambacho mtu wa chini akikipata basi ameula. Sasa alisimama mbele ya dirisha la stoo na fulana tatu za njano, zimefuliwa na kukunjwa.

"Unabadilisha saizi?" aliuliza karani wa stoo, huku akitafuna ubani wake.

"Narudisha."

Karani akaacha kutafuna. Akamsukumia kitabu cha kutia saini na hakumtazama tena usoni. Akampa za bluu tatu, kubwa kama mapazia, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimebaki.

Siku nne baadaye manowari ikaingia Norfolk. Uchunguzi ulipangwa Alhamisi.

*

Nyumbani kwa Pickett watu walizungumza kwa mikono. Roscoe, mume wa Verlene, alikuwa ameongoza ndege miaka ishirini, na sitaha ilipomwachilia ilibaki na masikio yake yote mawili. Sasa aliendesha basi la shule, akisaidiwa na vifaa viwili vidogo vya kusikilizia. Akitaka chumvi, alinyoosha kiganja na kuvuta hewa, na chumvi ikasogezwa. Akishiba alipishanisha ngumi. Walifuata hata ile sheria ya sitaha: ishara ya juu ya kiuno ni ya rubani, ya chini ya kiuno ni ya wenzako. Hivyo Roscoe aliweza kumsifu mama yake kwa mkono wa juu huku akimwonya mkewe kwa mkono wa chini.

"Nyumba hii," alisema mama yake, Bi Eulalie, "mtu akikaribishwa chakula anadhani anaegeshwa."

Jioni ile ya kufika kulikuwa na samaki wa kukaanga, sukuma iliyochemshwa na nyama ya moshi, na mkate wa mahindi. Bi Eulalie alikuwa amelitoa boksi la kofia chumbani na kuliweka juu ya kiti cha nne kama mgeni. Kofia ilikuwa ya zambarau, na ilinunuliwa mahususi kwa ajili ya siku Verlene atakapovikwa uchifu. Kwaya nzima ya akina mama ilikuwa imealikwa. Ukumbi ulikuwa umeshawekewa arubuni.

"Kessler kasemaje?" Roscoe aliuliza.

"Kaandika kwamba alipuliza filimbi mapema na mimi sikutazama."

"Alipuliza mapema?"

"Alipuliza bawa likiwa limeshafika."

Roscoe akaweka uma chini, uso umekunjuka. "Basi kesi imekwisha. Mimi huku silali, kumbe kesi imekwisha. Kamanda atakuuliza jambo moja tu: filimbi ilichelewa au haikuchelewa? Wewe utajibu ilichelewa. Wewe una miaka kumi na sita, Kessler ana minne. Hapo nani ataaminiwa?"

"Mimi."

"Na utakuwa umedanganya?"

"Hapana. Ilichelewa kweli."

"Basi kula samaki, mwanamke."

"Amina," alisema Bi Eulalie. "Mwambie tu ilichelewa, mwanangu, tukate keki."

Verlene hakula. Alinyoosha mkono wake wa kulia chini ya ukingo wa meza, mahali ambapo Roscoe peke yake angeuona, akanyoosha vidole vinne.

Roscoe akatazama vidole, akamtazama usoni. "Vinne nini?"

"Hatua. Nilimpoteza Kessler kabla ya filimbi. Nilimtafuta pale anapotakiwa kuwa, sikumwona. Kulikuwa na ndege nyingine angani inataka kutua, mafuta yake kidogo, na bosi wa mnara wa kuongozea ndege ananipigia kelele kwa vipaza sauti niondoe yangu njiani. Nikaileta hatua nne nikiwa simwoni mtu."

Bi Eulalie hakuelewa ubaya wa hatua nne, ila aliuona uso wa mwanawe. Roscoe ndiye aliyemfundisha Verlene kazi, zamani, kabla hawajaoana, na somo la kwanza lilikuwa hilohilo: usipomwona mlinzi wa bawa, simamisha. Asikuambie mtu. Hata amiri jeshi akiwa dirishani anakutazama, simamisha.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Roscoe, sauti imeshuka.

"Hakuna."

"Kamera?"

"Kamera inaniona mimi. Haioni ninachokitazama."

"Basi hujaulizwa, Vee. Asiyeulizwa hajibu."

"Roscoe."

"Kila mwongozaji ana hatua nne zake. Unadhani mimi sina? Ninazo chungu nzima, zote hazikugusa kitu kwa bahati. Yako imegusa rangi ya mkia. Hakuna aliyekatwa mguu. Hakuna aliyepeperushwa baharini. Sasa unataka ukajichinje mwenyewe mbele ya Kamanda kwa kosa ambalo hata yeye halijui?"

"Kama kila mtu anazo chungu nzima, ndiyo hasa inanitisha."

"Miaka kumi na sita!" Roscoe alipiga meza. "Fulani na fulani wamepita mbele yako kwenda uchifu, watu uliowafundisha kuvaa kofia ngumu! Leo jina lako limetoka, unataka kulifuta kwa mkono wako?"

Alipoona mkewe anafungua kinywa kujibu, Roscoe alitoa kifaa cha sikio la kulia, kisha cha kushoto, akavilaza ndani ya kisahani cha siagi, akaendelea kula. Ndivyo alivyofunga mabishano.

"Baba yake alikuwa akikasirika anatoka nje," alisema Bi Eulalie. "Huyu anatoa masikio."

Verlene alipishanisha ngumi zake mbele ya uso wa mumewe: simama. Roscoe akafumba macho. Hapo hakukuwa na ishara nyingine ya kumpa, akanyanyuka akaosha vyombo kwa hasira, na sahani moja ya harusi ikavunjika.

*

Jumatano asubuhi alipelekwa kupaka rangi pete za kufungia ndege, zile za chuma zilizozama kwenye sitaha. Ni kazi ya wiki ya kwanza jeshini. Manowari ilikuwa imefungwa gatini, sitaha tupu, jua la Virginia limeshika chuma mpaka magoti yanaungua. Aliyempa kazi alikuwa Arellano, mwongozaji ambaye Verlene mwenyewe alimfundisha mwaka juzi. Arellano alilishika kopo la rangi na hakujua alitoe kwa mkono upi.

"Bi Pickett," alisema, "mstari huu mpaka ule. Kama hutajali."

"Amri haina kama hutajali, Arellano. Sema: mstari huu mpaka ule."

"Mstari huu mpaka ule."

"Sawasawa," alisema Verlene, akapiga magoti. Hakuona haya ya kupiga magoti. Haya aliyoiona ni ile ya fulana ya bluu iliyompwaya mpaka upepo ukaijaza na kumfanya mnene ghafla, na waliokuwa wakipita wakageuza nyuso wasicheke.

Kessler alimkuta huko saa nne. Alikuwa mtu wa makamo, arobaini kasoro moja, aliyekuwa fundi wa matairi kule Ohio. Alijiunga jeshini miaka minne iliyopita, karakana ilipofungwa na umri unakaribia kumkatalia. Wenzake wa miaka kumi na tisa walimwita Babu, naye aliitika. Aliishi mitaa miwili kutoka kwa akina Pickett, na wakati wa baridi ndiye aliyewawashia gari betri ilipokufa. Alichuchumaa kando ya kopo la rangi.

"Nisikilize, Pickett. Mimi nikitolewa hapa sina pa kwenda. Karakana ile sasa ni uwanja wa kuuzia mitumba."

"Ulipuliza lini, Kessler?"

Akasugua shingo. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa nyekundu, imetoka malengelenge. "Ile ndege ya jirani iligeuza makalio, moshi wake wa moto ukanipata hapa. Nikajibanza nyuma ya gurudumu. Nilipotoa kichwa, bawa lilikuwa limefika. Nikapuliza."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Nani atakubali kwamba mlinzi wa bawa alijificha?" Kisha akauliza bila ukali wowote, kama anayeuliza bei ya mkate. "Na wewe? Nilipokuwa nyuma ya gurudumu, ulikuwa unaniona?"

Verlene alichovya brashi. Rangi ikadondoka nje ya pete, akaifuta kwa kidole. Kamanda asingemuuliza swali lile. Mume wake alimshauri asubiri kuulizwa, na sasa alikuwa ameulizwa na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuuliza.

"Nenda zahanati wakutazame hiyo shingo," alisema.

Kessler akasimama. Alisubiri jibu kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka kumi, kisha akaenda zake.

*

Chumba cha Kamanda Ostrander kiko chini ya mnara, usawa wa sitaha, na katikati yake pana meza kubwa ya kioo iliyochorwa sitaha nzima. Juu yake kuna vindege vya plastiki, kila kimoja kwa kila ndege halisi. Ndege ikihitaji mafuta inawekewa nati ya zambarau, ikiwa mbovu inawekewa nyekundu. Pamoja na kompyuta zote za manowari ile, meza ndiyo inayoaminika, kwa kuwa umeme hauizimi.

Alhamisi hiyo meza ilikuwa na vindege viwili tu. Kamanda alisimama upande mmoja, Verlene upande wa pili. Karani alikaa pembeni na kalamu.

"Panga," alisema Kamanda.

Verlene akavisogeza vindege kwa ncha ya kidole mpaka vikakaa kama vilivyokuwa. Aliijua sitaha ile kuliko alivyojua jiko lake.

"Maelezo ya Kessler umeyasoma."

"Nimeyasoma, bwana."

"Video haioneshi alipokuwa, na filimbi haisikiki. Kwa hiyo ni neno lake na neno lako. Nitasema wazi, Pickett: neno lako ni zito. Nakuuliza. Filimbi ilichelewa?"

"Ilichelewa, bwana."

Kalamu ya karani ikakwaruza karatasi. Kamanda akashusha pumzi kama mtu aliyekuwa akiiombea hiyo sentensi. Akanyoosha mkono kuviokota vindege. Hapo Verlene angeweza kwenda nyumbani. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi. Kofia ya zambarau, keki, kwaya, nyongeza ya mshahara ambayo ingeezeka paa kabla ya vimbunga vya Septemba, vyote vilikuwa nje ya mlango ule, naye hakuwa amesema uongo hata mmoja.

"Viache hapo kwanza, bwana," alisema.

Mkono wa Kamanda ukabaki hewani.

"Filimbi ilichelewa kwa kuwa Kessler alikuwa anaungua na moshi. Alijibanza. Hata mimi ningejibanza. Lakini filimbi si ya kwanza, bwana. Ya kwanza ni macho yangu. Nilimpoteza hapa." Akaweka kidole juu ya kioo. "Ndege ikaja kugusa hapa. Kati ya hapa na hapa ni hatua nne. Hatua nne zote niliziita kwa mikono yangu miwili nikijua simwoni."

"Kwa nini?"

"Niliharakishwa, nikaharakika. Nilidhani nafasi ipo."

Kamanda akaurudisha mkono wake. "Unajua hakuna mtu angekuuliza hilo."

"Najua."

"Unajua naliandika."

"Ndiyo sababu nimelisema, bwana."

Likaandikwa. Kessler akaitwa, akaulizwa upya, safari hii akasema yote, hadi malengelenge. Alipewa onyo la maandishi na kubakizwa. Verlene alivuliwa njano, si kwa muda tena. Angeanza upya na bluu, minyororo na kabari, na mwaka huu jina lake lingeondolewa kwenye orodha ya machifu. Mwaka ujao angeomba kama wengine.

Kwenye ngazi ya kushukia gatini Kessler alimpita bila salamu, kisha akarudi.

"Umenianika," alisema. "Nilishaanza kuuamini uongo wangu."

"Uliniuliza kama nilikuwa nakuona. Sikuwa nakuona."

"Ungeniambia mimi, jana."

"Jana nilikuwa bado naogopa, Kessler."

Kessler akaigusa shingo yake. Akaenda zahanati, hatimaye.

*

Roscoe alirudi saa kumi na basi lake la njano, akaliegesha nje kama alivyoruhusiwa siku za joto. Akamkuta mkewe uani anaanika fulana tatu za bluu. Hakuuliza matokeo. Aliziona fulana, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kofia mkononi.

"Uchifu?"

"Mwaka huu hapana."

Alikuwa na hasira, na haikuwa ya mchezo. Alizungumza na nyasi. Alisema habari za paa, na habari za ukumbi ambao arubuni yake hairudi. Alisema namna atakavyowatazama wanaume wa kanisani ambao ameshawatambia. Verlene aliendelea kuanika na akamwacha amalize. Mwishoni Roscoe aliinua mkono, Verlene akajua anataka kutoa vifaa vyake vya masikio.

"Usithubutu," alisema. "Leo utanisikia. Nimevunjika moyo kuliko wewe. Nilikitaka kile cheo mpaka nikawa nakiota. Lakini ningekivaa, halafu ningesimama mbele ya wale watoto na kuwaambia usipomwona, simamisha. Ningewaambia kwa uso gani?"

Roscoe akashusha mkono, vifaa vikabaki masikioni.

"Mimi ningenyamaza," alisema mwishowe. "Si nadhani. Najua. Niliwahi kunyamaza, mwaka ule mtu alipovunjika mkono kule Mediterania. Niliulizwa kama mnyororo ulikuwa umefungwa, nikasema ulifungwa. Ulifungwa kweli. Sikuulizwa nani aliufungua."

Verlene alikuwa ameishi naye miaka kumi na miwili na hakuwahi kulisikia hilo. Alikaa kando yake kwenye ngazi. Bega lake akaligusisha na la mumewe na kuliacha hapo.

Jua lilipopungua, Roscoe aliingia ndani, akatoka na kopo la wino mweusi na vibao vya herufi alivyovitunza tangu enzi zake. Akaitandaza fulana ya kwanza juu ya meza ya uani, akaandika PICKETT mgongoni, herufi kubwa, zimenyooka kama uzio mpya.

"Bado nimekasirika," alisema huku akiandika.

"Kasirika. Ila usipindishe hiyo T."

Bi Eulalie alitokeza kichwa dirishani, kofia ya zambarau kichwani. "Mkifikiri nitairudisha dukani mmekosea," alisema. "Jumapili naivaa. Atakayeniuliza nitamwambia mkwe wangu kashushwa kwa kusema kweli, aone kama ana mkwe wa namna hiyo."

*

Agosti manowari ikarudi baharini. Verlene akakokota minyororo, miwili begani, mmoja mkononi, na umri wa miaka thelathini na sita mgongoni. Usiku mgongo ulimuuma, asubuhi aliamka akaibeba tena. Wale wa miaka kumi na tisa wiki ya kwanza walimwonea huruma, ya pili wakamzoea. Ya tatu wakaanza kumwuliza mambo, naye akawajibu. Hakujikunyata wala hakujieleza. Akiulizwa ilikuwaje, alisema, "Hatua nne, simwoni mtu, nikaendelea," kisha akaendelea na kabari zake.

Jumanne ya wiki hiyo, alasiri, ndege kumi na mbili zilikuwa zinarudi kwa mkupuo. Ya kwanza ikatua, ya pili ikatua, na sauti ya bosi wa mnara ikatoka kwenye vipaza sauti vya sitaha, ikipasua mngurumo: ondoeni, ondoeni, njia wazi. Arellano alikuwa anaileta ndege ya tatu kwenye maegesho ya mbele. Kessler alichukua bawa la kulia, Verlene la kushoto, filimbi katikati ya meno. Kati ya bawa lake na ndege jirani palikuwa na nafasi ya kutosha. Alipima kwa jicho, akarudia. Akageuka kumtazama Arellano, hakumwona. Trekta la kuvutia ndege lilikuwa limekatiza katikati yao.

Kama yeye hamwoni Arellano, Arellano hamwoni yeye. Ndege ilikuwa bado inakuja, maana yake mikono ya Arellano ilikuwa bado inaiita.

Alipuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo na akapishanisha mikono juu ya kichwa, wazi kabisa, pale ambapo rubani angemwona. Ndege ikasimama na pua yake ikainama kwa breki.

Angani, iliyokuwa inashuka ikaambiwa ipande tena. Ilipita juu ya vichwa vyao kwa kishindo cha mafuta yanayochomwa bure.

"Nani kasimamisha ndege yangu?" bosi wa mnara alifoka.

Sitaha nzima ikageuka. Verlene akainua mkono mmoja juu, fulana ya bluu, herufi kubwa mgongoni. Arellano alizunguka trekta mbio, akampigia kelele uso kwa uso, wakawa wanasomana midomo.

"Nafasi ilikuwepo!"

"Ilikuwepo!"

"Mita mbili!"

"Mbili na ushee!"

"Sasa mbona?"

"Sikukuona!"

Arellano akamtazama. Alikuwa na jasho, na alikuwa na hasira ya mtu aliyefokewa mbele ya watu elfu tano. Alitazama trekta, akatazama bawa, akatazama mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe na kuziita hatua. Verlene aliona uso wake ukibadilika taratibu. Akaliashiria trekta liondoke. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akitembea kinyumenyume, mpaka macho yao yakakutana. Hapo ndipo akainua mikono na kuiita ndege.

Ikaingia. Wakaifunga minyororo.

Ya nne ikatua, ikaegeshwa bila neno. Ya tano ilipofika mbele, moshi wa ndege jirani ulifagia upande wa kulia, na filimbi ya Kessler ikalia, mapema, nafasi ikiwa bado tele. Alisimama palepale moshini, mikono kaipishanisha juu ya kichwa, macho kayafumba kwa joto, haoni kitu. Ndege ikasimama. Vipaza sauti vikakwaruza, kila mtu akasubiri kufokewa, na mnara ukasema, kwa sauti ya kawaida, "Msubirini."

Wakamsubiri.